Kidole Gumba

Mwalimu Kegode alichora matao ubaoni,
safu moja imekaa mabegani mwa nyingine,
chaki ikamvunjikia kwenye jiwe la katikati.
"Hili ndilo la mwisho kutiwa.
Kabla yake, tao zima limelala juu ya mbao
kama mgonjwa juu ya machela.
Likishaingia, unaziondoa mbao,
na kila jiwe, likitaka kuanguka,
linazuiwa na jirani anayetaka kuanguka pia."
Kisha mvua ya saa tisa ikapiga mabati ya Chavakali
na habari za Warumi zikamezwa.

Mimi nilikuwa nimewajua kitambo, bila jina lao.

Fundi Asiligwa hakufika darasa la sita.
Alikuwa na mpira mwembamba unaoonyesha ndani,
mita ishirini, wa soko la Luanda.
Aliujaza maji, akanipa ncha moja;
nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
"Maji hayana fitina," aliniambia.
"Yakisimama hapa kwangu, na kwako yatasimama sawa,
hata kati yetu pawe na kichuguu, migomba na boma la watu."
Warumi walikuwa na meza ndefu yenye mfuo wa maji juu yake.
Kegode aliichora pembeni, ndogo, kama kitu cha kupita,
nami nikaitambua: mpira wetu, ila wa mbao.

Kutoka chemchemi ya Mwikunda hadi zahanati
ni kilomita tatu za mawe
makubwa kama ng'ombe waliolala.
Mtaro haukushuka kama mtu mwenye haraka;
ulizunguka kiuno cha kilima,
kiganja kimoja chini kwa kila hatua mia,
si zaidi:
maji yakikimbia hula kingo,
yakizembea hufuga vyura.

Mwamba ulipokataa sururu, kina mama waliukokea moto,
wakaumwagia maji baridi,
ukapasuka kama kikohozi cha usiku.
Bondeni tulijenga tao, moja tu,
juu ya mabenchi tuliyoazima kanisani.
Jumapili mbili waumini waliimba wamesimama.

Siku ya kumi na tisa jua lilikuwa kali.
Nilichoka. Nikaziba ncha yangu kwa kidole gumba
maji yasinichuruzikie kiwikoni,
nikatazama siafu wakihamisha mayai yao.
"Yametulia?" aliita kutoka ng'ambo ya migomba.
"Yametulia," nikajibu,
na kweli yalikuwa yametulia: niliyafunga pumzi.
Akaja akapiga kigingi.

Siku ya kufungua, maji yalikuja yakinusa njia,
yakisukuma majani makavu mbele yao,
watoto wakirudi kinyumenyume wakiyapigia makofi.
Yalipofika kwa Vihenda
yakasimama.
Yakavimba. Yakaanza kurudi yalikotoka.

Asiligwa alipima upya, kigingi baada ya kigingi.
Kwenye kimoja alichuchumaa muda mrefu.
Hakunitazama usoni; alinitazama mkononi.
Kisha akainuka, akawaambia watu thelathini
wenye malengelenge na majembe butu:
"Jicho langu lilikosea."
Walichimbua mita sitini, siku mbili,
wakimwita majina ambayo siyaandiki hapa.
Naye alichimba nao, akijibu, "Ndiyo. Ndiyo."
Mimi niliwapelekea uji.

Mvua ilipopungua Kegode aliuliza nani ana swali.
Niliinua mkono.
"Warumi walipokosea mwinamo, nani alisema ni yeye?"
Darasa likacheka. Mwalimu alifungua kitabu,
akapekua, akakifunga.
Kengele ikamwokoa.

Bomba la zahanati bado linatoka maji.
Nikienda kuteka huziba mdomo wake kwa gumba hilihili,
nayasikia yakisukuma, kilima kizima nyuma yao,
hadi kidole kinakufa ganzi.
Ndipo ninapoyaachia.